Mbwa Asiye na Cheti cha Ukoo Ana Nafasi Uwanjani

Mbwa wengi wa Silibwet na vijiji vinavyoizunguka hawana cheti cha ukoo. Mama yao anajulikana, baba hajulikani. Usiku wanalinda boma, mchana wanasindikiza ng'ombe mtoni, na wengine humfuata mwenye shamba hadi kituo cha majani chai. Mtaani huitwa koko au chotara, na watu wengi huamini kwamba mafunzo na mashindano ni mambo ya mbwa wa bei kubwa kutoka mjini.

Imani hiyo haiko Bomet peke yake. Kwa miaka mingi vyama vikubwa vya mbwa duniani vilikuwa nayo, hadi watu wa kujitolea wenye mbwa wasio na cheti walipoonyesha kwamba mbwa anaweza kupimwa kwa kazi anayofanya. Makala haya yanaeleza jinsi mlango huo ulivyofunguliwa, jinsi michezo yenyewe inavyochezwa, na mambo ambayo mkazi anapaswa kutimiza, kuanzia chanjo, kabla ya mbwa wake kuruka kizuizi cha kwanza.

Michezo ya mbwa ni ipi?

Michezo ya mbwa ni shughuli ambayo mtu na mbwa wake hufanya kazi pamoja kwa kufuata kanuni, huku mwamuzi akitoa alama. Iko ya aina nyingi. Mitatu ifuatayo ndiyo rahisi kueleweka na kuanzishwa kijijini.

Wa kwanza ni mashindano ya utiifu. Mbwa hutembea sambamba na mguu wa kushoto wa mwenyewe bila kuvuta kamba, huketi, hulala na kungoja anapoambiwa, na huja mara moja anapoitwa. Mwamuzi hutazama kama mbwa ameelewa na kama anafanya kazi kwa utulivu.

Wa pili ni mbio za vizuizi, zinazojulikana kama ajiliti. Mbwa huruka fito, hupita ndani ya handaki, hupanda na kushuka ubao wa bembea, na hupenya kwa kupindapinda katikati ya nguzo zilizosimamishwa kwa mstari. Mwenye mbwa hukimbia kando yake akimwelekeza kwa sauti na ishara za mkono, lakini haruhusiwi kumgusa mbwa wala vifaa. Kuangusha ufito ni kosa, kukataa kizuizi ni kosa, na kuruka vizuizi kwa mpangilio usio sahihi humtoa mbwa katika raundi hiyo. Anayemaliza bila makosa kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi.

Wa tatu ni kanikrosi, yaani mbio za nyika za mtu na mbwa. Mkimbiaji huvaa mkanda kiunoni, mbwa huvaa mkanda wa kifuani, na kamba yenye mpira huwaunganisha. Mbwa hutangulia, mtu hufuata. Katika eneo ambalo watoto hukua wakikimbia milimani, mchezo huu hauhitaji maelezo marefu.

Katika mbio za vizuizi, mbwa hupangwa katika makundi kwa kimo chake begani, ili mdogo asilazimishwe kuruka ufito wa mkubwa. Ukoo hauingii popote katika hesabu ya alama. Saa haijui baba wa mbwa ni nani.

Kwa nini chotara walifungiwa nje

Kama ukoo hauhesabiwi, mbona chotara walizuiwa? Jibu liko katika sababu iliyofanya vyama hivyo viundwe. The Kennel Club ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1873, na American Kennel Club ya Marekani ikafuata mwaka 1884. Kazi yao kubwa ilikuwa kutunza vitabu vya nasaba na kusimamia maonyesho ambayo mbwa hupimwa kwa umbo: kichwa, mkia, rangi na mwendo. Maonyesho ya namna hiyo huchagua mbwa wa kuzalisha wengine wanaofanana nao. Chotara hana kipimo cha umbo kilichoandikwa, kwa hiyo hakuwa na mahali pa kusimama.

Ugumu ulianza michezo ilipoingia chini ya vyama hivyohivyo. Mwaka 1933, huko Mount Kisco katika jimbo la New York, mfugaji Helen Whitehouse Walker aliandaa jaribio la utiifu. Alitaka kuonyesha kwamba mbwa wake wa aina ya pudo, waliodharauliwa kuwa mapambo tu, wana akili na wanaweza kufanya kazi. Mwaka 1936 American Kennel Club iliupokea mchezo huo rasmi. Jaribio lilipima tabia na mafunzo pekee, lakini mlango wake ulibaki kwa wenye cheti cha nasaba. Mbwa chotara aliyeweza kuketi, kungoja na kuja alipoitwa hakupewa hata nafasi ya kujaribu.

Wakati huohuo, mbwa waliofanya kazi ngumu zaidi walikuwa mara nyingi wa damu mchanganyiko. Katika Iditarod, mbio za kuvuta sleji kwenye theluji ya Alaska zilizoanza mwaka 1973 na zenye urefu wa takriban kilomita 1,600, mbwa anayetumiwa zaidi ni haski wa Alaska. Huyo ni mchanganyiko uliochaguliwa kwa mbio na ustahimilivu, na American Kennel Club haimtambui kama aina ya mbwa yenye nasaba.

Watu wa kujitolea wafungua mlango

Mwaka 1978 mambo mawili yalitokea. Huko London, katika maonyesho makubwa ya Crufts, mwandalizi John Varley alitafuta kitu cha kuwachangamsha watazamaji wakati wa mapumziko. Kwa msaada wa mkufunzi Peter Meanwell, aliweka uwanjani vizuizi vilivyoigwa kutoka mashindano ya farasi. Watazamaji walipenda walichokiona, na hapo ajiliti ikazaliwa.

Mwaka huohuo nchini Marekani iliundwa Mixed Breed Dog Clubs of America, muungano wa vilabu vya wapenzi wa mbwa chotara. Wanachama wake hawakungoja chama kikubwa kibadilishe nia. Walianzisha daftari lao, wakaandaa mashindano yao, na wakawapa mbwa wao vyeo vya ushindi kwa kanuni zinazofanana na zile za wenye nasaba. Mwaka 1983 likafuata daftari jingine, American Mixed Breed Obedience Registration, ambalo kazi yake ilikuwa kuandika matokeo ya chotara katika mashindano.

Huenda kazi ya kuandika matokeo ikaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyokuwa na uzito. Kabla ya hapo, mwenye mbwa chotara angeweza kusema tu kwamba mbwa wake ni hodari. Baada ya hapo alikuwa na karatasi yenye tarehe, mahali, alama na saini ya mwamuzi. Mabishano kuhusu damu yalianza kujibiwa kwa rekodi.

Mwaka 1986 iliundwa United States Dog Agility Association, iliyoruhusu mbwa wa aina yoyote tangu mwanzo. Hatimaye, mnamo Aprili 2010, American Kennel Club yenyewe iliwaruhusu chotara waliosajiliwa katika mpango wake maalumu kushiriki mashindano ya utiifu na ya vizuizi. Miaka 74 ilikuwa imepita tangu chama hicho kiupokee mchezo wa utiifu.

Sharti moja la mpango huo linafaa kuzingatiwa na kila mfugaji wa Bomet: mbwa chotara lazima awe amehasiwa, na jike lazima awe amefungwa kizazi. Katika maonyesho ya umbo kanuni ni kinyume, kwa kuwa lengo ni kupata mbwa wa kuzalisha. Katika michezo, mbwa aliyehasiwa hapotezi chochote, na kijiji hupunguza idadi ya vitoto vinavyotupwa sokoni au kando ya barabara.

Kutoka kuruhusiwa hadi kushinda

Maonyesho ya Westminster ya New York ni miongoni mwa ya zamani zaidi duniani. Mwaka 2014 yalianzisha shindano la ajiliti, na chotara wakaruhusiwa kushiriki. Miaka kumi baadaye, mwezi Mei 2024, jike mdogo aitwaye Nimble, mchanganyiko wa border collie na papillon, alimaliza njia yake kwa muda wa chini ya sekunde 30 na kutwaa ubingwa. Alikuwa chotara wa kwanza kushinda ajiliti ya Westminster. Mkimbiaji wake alikuwa Cynthia Hornor.

Uingereza nayo ina shindano la kila mwaka la mbwa chotara, Scruffts, linalosimamiwa na The Kennel Club tangu mwaka 2000. Kwa hiyo chama kilichoanza kwa kutunza nasaba sasa kina jukwaa la mbwa wasio na nasaba.

Mfano wa karibu: Gulu

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kuhusu mbwa wa kienyeji na mafunzo. Katika mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, shirika la The Big Fix Uganda linaendesha mradi wa mbwa wa faraja. Mwanzilishi wake ni Francis Okello Oloya, mwanasaikolojia wa jamii aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto baada ya kulipukiwa na bomu lililoachwa na vita. Akiwa katika shule ya bweni, mbwa waliokuwa pale walimsaidia kufika chooni usiku bila kuwaamsha wenzake.

Katika mradi huo, mbwa waliookolewa mitaani hukabidhiwa watu waliobaki na majeraha ya moyo ya vita. Mtu huyo huahidi kumtunza mbwa wake, huhudhuria mafunzo kwa miezi kadhaa, na mwishoni wote wawili huhitimu pamoja. Mbwa hao ni wale wale ambao mitaani huitwa koko. Kinachobadilika ni kwamba kila mmoja ana mwenyewe, ana chanjo, na amefundishwa.

Gulu si uwanja wa mashindano, na lengo la mradi ni uponyaji. Hata hivyo, mafunzo ya mwanzo ni yale yale ya utiifu: kuja, kuketi, kungoja, kutembea bila kuvuta kamba.

Mbwa wa Silibwet ana nini?

Mbwa wa kienyeji wa nyanda za juu ni mwepesi, ana miguu mirefu kiasi, manyoya mafupi na mwili usiohitaji chakula kingi. Vizazi vyake vimechujwa na mazingira: aliyedumu ni mwenye afya, mwenye masikio makali na anayesoma haraka ishara za binadamu. Sifa hizo ndizo mchezo wa vizuizi unazotafuta.

Zamani nguvu hizo zilitumika katika uwindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na kumpeleka mbwa msituni kukimbiza paa leo ni kosa la jinai. Vilevile, kupiganisha mbwa kumekatazwa na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Mbwa mwenye nguvu nyingi asiye na kazi hutafuta kazi yake mwenyewe, na mara nyingi hiyo huwa kufukuza pikipiki, kuwinda kuku wa jirani au kuwatisha watoto wanaotoka shule. Mafunzo humpa kazi iliyo halali.

Chanjo kwanza

Hakuna mchezo wowote wa mbwa unaopaswa kuanza kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua takriban watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na watoto wa chini ya miaka 15 ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyosababishwa na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Kiwango hicho kikifikiwa na kudumishwa, ugonjwa hukosa mbwa wa kutosha wa kuambukizana na mwishowe hukatika.

Tatizo la kampeni nyingi za chanjo ni mbwa asiyeshikika. Mwenyewe humfikisha hadi karibu na meza ya daktari, mbwa huona umati, hujinyofoa na kurudi nyumbani bila kuchanjwa. Mbwa aliyezoea mkanda wa shingoni, aliyefundishwa kuketi na kungoja katikati ya mbwa wengine, huchanjwa kwa dakika moja. Hapo ndipo mchezo na afya ya jamii hukutana: mafunzo ya utiifu yanawaongeza mbwa wanaoweza kufikiwa na sindano.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

• Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa akiwa na umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Kadi ya chanjo itunzwe.

• Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na asilishwe matumbo mabichi ya mifugo iliyochinjwa, kwa kuwa huko hutoka minyoo inayosababisha uvimbe wa maji ndani ya mwili wa binadamu.

• Mtu akiumwa na mbwa, hata kama mbwa anajulikana, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende katika kituo cha afya bila kuchelewa. Kidonda kisipakwe dawa za kienyeji.

Kuanza nyumbani bila gharama kubwa

Mafunzo huanza na jina. Mbwa aitwe kwa jina lake, na akija apewe kipande kidogo cha chakula anachokipenda, kama ugali au ini lililopikwa. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Mbwa akikosea, zoezi lirudiwe kwa hatua rahisi zaidi. Kumchapa mbwa aliyechelewa kuja humfundisha jambo moja tu: kwamba kuja ni hatari.

Akishajua kuja, kuketi na kungoja, vizuizi vinaweza kutengenezwa kwa vitu vilivyopo shambani. Fito za mkaratusi zilazwe juu ya matofali au vigingi vifupi, zisifungwe, ili zianguke zikiguswa na mbwa asiumie. Magunia yaliyoshonwa pamoja na kutandazwa juu ya pete za matawi hufanya handaki. Nguzo za kupindapinda ziwe sita mwanzoni, zikiachana kwa takriban sentimita 60. Mashindano makubwa hutumia nguzo 12. Uwanja uwe wa nyasi, usiwe na mawe wala lami, na usiwe karibu na shamba lililopuliziwa dawa.

Mbwa mchanga asirushwe juu, kwa sababu mifupa yake bado inakua. American Kennel Club haimruhusu mbwa kushindana katika ajiliti kabla ya miezi 15, na mashindano mengi ya kimataifa husubiri miezi 18. Kabla ya umri huo ufito ubaki chini, mbwa apite juu yake akitembea. Mbwa jike mwenye mimba, anayenyonyesha au aliye katika joto apumzishwe.

Klabu na sheria

Mpango wa Nne wa Katiba ya 2010 umeipa serikali ya kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo leseni za mbwa. Udhibiti wa magonjwa ya mifugo na shughuli za michezo pia ni majukumu ya kaunti. Kwa hiyo anayetaka kuandaa siku ya mbwa aanzie katika ofisi ya mifugo ya wadi au ya kaunti ndogo ya Bomet ya Kati, ambako atapata ushauri kuhusu chanjo, leseni na mahitaji ya Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365.

Wakazi wanaotaka kuunda kikundi cha kujitolea wanaweza kujisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, inayohitaji wanachama wasiopungua 10. Kikundi kikikua na kutaka kuwa klabu ya michezo, usajili wake uko chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, kupitia Msajili wa Michezo.

Kanuni chache zitakiepusha kikundi na matatizo:

• Kila mbwa aingie uwanjani akiwa na mkanda na kamba, na mwenyewe awe na kadi ya chanjo ya mwaka huo.

• Mtoto asiongoze mbwa bila mtu mzima kuwa karibu.

• Mbwa wapangwe kwa kimo, na mbwa mmoja tu afunguliwe kwa wakati mmoja.

• Mbwa anayeng'ata au anayeogopa sana asilazimishwe. Arudi nyumbani na afundishwe polepole.

• Matokeo yaandikwe: tarehe, jina la mbwa, kimo, muda na makosa.

Kanuni hiyo ya mwisho isipuuzwe. Vilabu vya chotara vya Marekani vilipata heshima kwa sababu vilitunza daftari mwaka baada ya mwaka. Kikundi cha Silibwet chenye daftari kama hilo kitakuwa na la kuonyesha kitakapoomba uwanja, mwamuzi au nafasi ya kushindana na vilabu vingine.

Kwa mbwa wa Silibwet, hakuna haja ya kutafuta cheti cha ukoo. Karatasi inayohitajika ni moja, kadi ya chanjo, na inapatikana kwa daktari wa mifugo.